Ghala la Mwai Liliungua Mara Ishirini na Mbili

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Baridi ya Endarasha leo haina adabu. Nimefundisha na koti, skafu na soksi mbili mbili. Kidato cha nne wamekuja wote ishirini na watatu ingawa ni Jumamosi – wengine na udongo wa shamba la viazi hadi magotini. Mtihani wa pamoja wa shule za huku unaanza Jumatatu. Kiswahili ni Jumanne.

Tumesoma orodha yangu ya ukutani kwa sauti. Makosa Kumi. Si kitabu yangu, ni kitabu changu. Si niko na, ni nina. Swali lililoripotiwa halitaki kiulizi. Koma haina nguvu ya kushika sentensi mbili nzima – weka nukta, anza upya. Ukifungua alama za usemi, zifunge. Mlango hauachwi wazi. Tenga R na L. Hapo kwa R na L huwa wanacheka wenyewe, maana hata onyo wanalisoma kwa kosa. Najua wananiita Madam Nukta. Acha waniite.

Kisha daftari la Sentensi Salama. Sentensi sitini, nimezitunga kwa miaka mitatu, kila koma nimeipima. Na Kisa cha Moto: ghala la mzee Mwai linashika moto siku ya soko, majirani wanakuja, mzee analia, funzo linapatikana. Kisa hicho kinaingia kwenye methali yoyote. Wakiulizwa umoja – majirani walizima moto. Wakiulizwa haraka – Mwai alinyakua mtungi wa mafuta taa akidhani ni maji. Wakiulizwa majuto – mkewe alimwonya. Unabadilisha sentensi mbili tu. Asiyebuni hakosei! Nimewakumbusha pia kwamba hii ni siri yetu, isitoke nje ya darasa. Sitaki shule nyingine zituige.

Mwaka jana Kiswahili kilipanda kutoka D+ hadi C. Siku ya zawadi nilipewa chupa ya chai ya lita tatu, watu wakapiga makofi. Inatosha vikombe kumi na vitano. Mimi hutia kimoja na nusu.

Anayenitia wasiwasi ni Mukami. Alihamia hapa Mei kutoka Mukurweini, anaishi na cucu, yaani nyanya yake, karibu na shule, na kila asubuhi ndiye anayeniletea maziwa kabla ya kwenda darasani. Anataka uuguzi, na huko wanadai C ya Kiswahili. Akili anayo. Sarufi ndiyo imemkataa, na kukariri pia hawezi – anasema sentensi zangu zinapita tu kichwani kama maji kwa chujio. Nimemwambia ajaribu tena.

Jumanne, 9 Septemba

Wametoka wanacheka! Swali la insha: andika kisa kinachothibitisha methali "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Shiku, kiranja wa darasa, amenipitia mlangoni mwa ofisi na kuninong'oneza kwamba Mwai ameungua sawasawa.

Nilitamani kumwambia mtu. Kwenye chai ya saa nne walimu walikuwa wameshahamia Kikuyu chao. Mimi ni wa Nkubu, Meru. Kimeru changu kinanisaidia kufahamu nusu, na ile nusu nyingine ndiyo wanayoichekea. Miaka mitano hapa na bado nashika kikombe na kutabasamu mahali ninapokisia.

Jioni nilifungua simu. Wa mwisho kuniandikia ni kampuni ya simu. Chini kabisa bado yuko Mugendi wa Embu. Machi mwaka jana aliniandikia: nimekumiss ata siwezi kurara. Nikamjibu maneno mawili: hata, kulala. Nilikuwa natania! Nilidhani atacheka. Nilingoja wiki mbili acheke.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Viazi na maziwa. Nimeongea na hakuna mtu tangu saa kumi. – Hapana: sijaongea na mtu yeyote tangu saa kumi. Ona, hata hapa najisahihisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudi kutoka Ruring'u, siku nzima ya kusahihisha mtihani wa pamoja. Nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Walimu thelathini kwenye ukumbi mmoja. Kazi inapita meza kwa meza, kila meza na swali lake, na karatasi hazina majina – nambari tu. Mimi nilipangiwa meza ya fasihi. Meza ya insha ilikuwa nyuma yangu, na hapo alikaa Samatar, mwalimu kutoka Nanyuki, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Kiswahili chake kinatiririka, raha kukisikiliza.

Saa tano akaanza kucheka. Mara ya kwanza kidogo. Kisha akasimama na karatasi tatu mkononi.

"Jamani, nisaidieni. Kuna mzee hapa anaitwa Mwai. Wallahi ghala lake limeungua mara kumi na moja, na bado sijamaliza bahasha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akasoma kwa sauti: "Jua lilikuwa limechomoza juu ya mlima, likaangaza mabati ya ghala hilo." Sentensi yangu. Namba nne. Niliipenda ile. Akatoa ya pili, ileile. Ya tatu. Watu wanashika mbavu. Mmoja akauliza kama huyo mzee hana bima.

Nami nikacheka.

Nilicheka sana! Nilifuta machozi kwa ncha ya skafu. Hesabu ilifika ishirini na mbili kati ya ishirini na tatu, na mwenyekiti wa jopo hakucheka tena. Akasema huu ni unakili wa wazi, insha zote ishirini na mbili zipewe sufuri na ripoti iandikwe kwa shule husika. Samatar akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba afadhali limeonekana sasa – kwenye mtihani wa kitaifa matokeo yangezuiwa, na watoto wangemaliza shule bila cheti.

Wakati wa chakula alikuja na sahani yake akaketi mbele yangu. Mimi! Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akasema alifundisha Meru miaka miwili na mpaka leo hajaonja ndizi kama za kule. Tulizungumza nusu saa nzima. Akaniuliza kwetu tunafundishaje insha. Nikasema kawaida tu.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini mtu alikuwa ameketi mbele yangu kwa hiari yake, tunacheka kitu kimoja, na ilikuwa tamu. Sikutaka ainuke.

Ijumaa, 19 Septemba

Darasani nimewauliza wanaonaje matokeo. Shiku akasema wanamwachia Mungu. Nimefundisha vitenzi.

Jumatatu, 22 Septemba

Ripoti imefika pamoja na bahasha ya karatasi. Bwana Kingori, mwalimu mkuu wetu, ameniita ofisini. Aliisoma mara mbili huku akigonga meza kwa kidole.

"Madam, hii maneno imenishinda. Watoto ishirini na mbili wameandika kitu moja! Mpaka jina ya mzee! Hii mwakenya waliingia nayo aje?"

Mwakenya – kikaratasi cha kunakilia. Hicho ndicho anachokisaka. Haikumwingia akilini kwamba kikaratasi ni mimi. Akaniuliza kama ninajua lolote.

Nikasema nitafuatilia. Kwa sauti safi, kwa sentensi fupi, bila kosa.

Mchana amewapanga kidato cha nne uwanjani. Nani alileta? Hakuna. Nani aliandika wa kwanza? Hakuna. Wamefyeka nyasi hadi saa kumi na moja, mikono imetoka malengelenge. Nilitazama kutoka dirisha la ofisi ya walimu. Bwana Kingori aliingia akatuambia kikulacho kiko nguoni mwako, atakipata tu. Nilikubali kwa kichwa kama wengine.

Jumanne, 23 Septemba

Leo niliingia darasani nikiwa nimeamua kuyakusanya madaftari ya Sentensi Salama. Sijui ningeyafanya nini. Kuyaficha, labda – aibu iliyoje, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja kuficha madaftari chini ya kitanda!

Hayakuwepo. Madawati matupu. Nikamuuliza Shiku kando ya mlango.

"Tulichoma, Madam. Jana, nyuma ya jikoni. Usiwe na wasiwasi, hakuna mtu atasema."

Alinipa pole. Mtoto wa miaka kumi na saba aliyefyekeshwa nyasi kwa ajili yangu alinipa pole. Niliwaambia isitoke nje ya darasa na wametii. Wangetii hivyo kwenye koma!

Nilitaka kumwambia kitu. Kengele ikalia, nikaondoka haraka, nikafurahi kwamba imelia.

Jumatano, 24 Septemba

Bwana Kingori amebadilisha mbinu. Siwezi kufunga darasa zima wiki sita kabla ya mtihani, amesema, lakini kuna mmoja ambaye hakunakili. Huyo aliona. Huyo atasema. Amemwita Mukami ofisini mara mbili leo. Wasichana wananiambia alisimama huko kipindi kizima akirudia neno moja tu: sijui, Mwalimu. Ameambiwa Jumatatu aje na mzazi; wazazi wote wa darasa wameitwa. Asiposema mbele ya wazazi wote, atakaa nyumbani mpaka siku ya mtihani.

Wiki sita bila darasa. Mwenzangu huyu wa maziwa hataona C hata kwa darubini.

Saa ya chakula nilijifungia kwenye stoo ya vitabu na bahasha ya karatasi. Nikatafuta ya ishirini na tatu. Hati yake naijua, inalala upande kama mahindi baada ya upepo. Alama tano juu ya ishirini. Nilitoa kalamu nyekundu kwa mazoea – makosa thelathini na moja, nimeyahesabu. Kisha nikaiweka kalamu chini na kusoma. Nanakili hapa sehemu, kama alivyoandika.

"Kila asubui mimi napereka maziwa kwa nyumba ya mwalimu mmoja, nyumba yake iko na kimya, lakini ukisimama kwa mlango unasikia akiongea. Siku ya kwanza nilifikiria ako na wageni nikaogopa kubisha. Kumbe anaongea na vitabu zetu. Anasema wewe Shiku nimekuambia mara ngapi. Anacheka pekee yake. Anasema haya Mukami leo umejaribu. Cucu aliniuliza huyo mwalimu anaishi na nani nikamwambia anaishi na sisi.

Siku moja nilifika na sikusikia kitu. Nikaweka maziwa chini nikangoja. Nikangoja tena. Hiyo kimya ilinigonga kwa kifua mpaka nikaanza kulia, nikagonga mlango na mikono miwiri. Akafungua na blanketi, alikuwa na homa. Akaniambia umechelewa shule."

Kweli nilimwambia hivyo. Naikumbuka asubuhi hiyo. Julai. Nilidhani macho yake ni mekundu kwa baridi.

Chini kwa kalamu ya kijani, hati ya kusimama wima ya meza ya insha: Zingatia sarufi. Halafu, kama aliyeondoka akarudi: Huyu ana la kusema.

Nililia kwenye stoo ya vitabu. Naliandika hilo wazi. Nililia kwa sababu mtu amenisikia miezi hii yote, na mimi nimempa moja juu ya kumi kila wiki.

Ijumaa, 26 Septemba

Asubuhi nilikuwa nasahihisha na nikajikamata katikati ya sentensi. Ananisikia! Nikanyamaza. Baadaye kidogo hatua zake kwenye changarawe. Zikafika mlangoni. Zikasimama. Chupa ya maziwa ikagusa simenti.

Alingoja. Mimi upande huu na kikombe mkononi, yeye upande ule, ubao tu katikati yetu. Ningefungua. Ningesema Mukami, ingia, keti, chai iko tele. Kuna vikombe kumi na tatu na nusu ambavyo havijawahi kupata mtu.

Nikakohoa. Basi. Aliposikia kikohozi akaenda zake.

Jumapili, 28 Septemba

Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Mhubiri amehubiri Kikuyu saa nzima. Nimeshika "ukweli" na "mbuzi", sijui vilikutana wapi.

Kutoka saa nane nimemwandikia Bwana Kingori barua. Rasimu nne. Ya kwanza ilianza: Mimi ndiye niliyewapa. Nikaona imekatika ghafla mno, nikaongeza utangulizi. Ya pili nikabadilisha "niliyewapa" kuwa "walipewa". Ya tatu nikaongeza hali ya shule, ukosefu wa vitabu, lugha ya nyumbani. Ya nne ni safi kabisa. Kila nukta mahali pake. Nimeisoma mara tatu na hakuna anayeweza kujua kutoka kwenye barua hiyo nani alifanya nini.

Nimeichana. Mficha uchi hazai – nimewafundisha hiyo mwenyewe, muhula wa pili, na mfano.

Nikiungama, nini kitatokea? Watanihamisha, labda. Labda zaidi ya hapo. Nimejiuliza ni nani hapa atakayegundua nimeondoka. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa moja tu, na kesho atasimama mbele ya watu kwa ajili yangu.

Jumatatu, 29 Septemba

Saa nne kasoro dakika kumi. Darasa la kidato cha nne. Wazazi wamebanana kwenye madawati, watoto wamesimama ukutani. Bwana Kingori ameniomba niandike kumbukumbu za mkutano kwa sababu hati yangu ni safi. Nimekuja na daftari hili badala ya lile la mikutano – yote mawili ni meusi. Hakuna anayejua ninachoandika.

Mukami hakuleta maziwa leo. Au alileta nikiwa nimetoka mapema. Niliondoka saa kumi na mbili ili nisisikie hatua zake.

Cucu wake amekuja na sweta mbili, shuka na kitambaa cha kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema kwa Kikuyu, polepole ili nifahamu, kwamba mtoto anarudi nyumbani akinitaja, kwamba Mungu anibariki. Nikamjibu ahsante. Mikono yake ilikuwa na joto la jiko.

Bwana Kingori ameanza. "Wazazi, mimi sitaki maneno mingi. Hii darasa iko na siri. Na mwenye kuficha mwizi ni mwizi pia." Amesoma sentensi namba nne kwa sauti. Hapa hakuna aliyecheka. Baba mmoja ameuliza huyo Mwai ni wa wapi, kama ni mtu wa huku.

Saa nne na robo. Amemwita Mukami mbele. Amesimama chini ya orodha yangu, Makosa Kumi juu ya kichwa chake. Mikono nyuma. Viatu amevipaka rangi, naona hata soksi amezivuta sawasawa.

"Hawa wenzako walitoa hii kitu wapi?"

Sijui, Mwalimu.

"Wewe unajua. Wewe peke yako hukunakili. Kwa nini hukunakili?"

Amefikiri. Amesema kwamba yeye hawezi kushika maneno ya mtu mwingine kwa kichwa.

"Ya mtu mwingine nani?"

Shiku anatazama dari. Wengine wanatazama viatu, dirisha, mbao za sakafu. Watoto ishirini na watatu wanatazama kila kitu chumbani isipokuwa mimi. Wamenizunguka kwa kutonitazama. Sijawahi kuwa na watu wengi hivi upande wangu maishani mwangu, na siwezi kuvumilia hata dakika moja zaidi.

"Mukami. Uko na dakika moja. Ukikosa kusema, unatoka hapa na cucu yako, tutaonana siku ya mtihani."

Anatazama saa yake kweli. Cucu hajaelewa yote lakini ameelewa mkono unaoonyesha mlango. Ameanza kukusanya shuka lake.

Natafuta sentensi. Ninazo sitini kichwani, kila koma imepimwa, na hakuna hata moja inayoanza na mimi. Zote zinaanza na jua, majirani, mzee, hali ya hewa. Ninge­anzaje? Niombe radhi kwanza? Niwaambie wazazi mimi ni nani?

Nusu dakika. Mukami amefumba macho.

Sina pa kuanzia. Nasimama hivyo hivyo. Kiti kimekwaruza sakafu, wote wamegeuka, Mukami amefumbua macho ananitikisia kichwa, ati nisiseme, hapana mtoto wangu, naandika nikiwa wima kama mwendawazimu, Kingori anauliza kuna nini Madam, cucu amesimama na shuka lake mkononi ananitazama, nafungua mdomo na